Ngemi Tano za River Road

Ilianza na sauti ndogo, trrr, kama mtu anamwaga njugu moja moja kwenye sahani kavu, na mpaka leo nikiwa nakanda unga au nimepanga foleni ya maji huisikia tena, nikashika kichwa na kuona haya peke yangu. Wacha niseme mapema ili mtu asije akaniuliza mwishoni: ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke wa kwenye video, yule mliyeambiwa amejifungua mtoto wa kiume katikati ya vyoo vipya River Road, Jumamosi mchana, yule ambaye wengine wenu mlimwombea kabisa, ni mimi Wambui wa Woodley, na siku hiyo sikumzaa mtu yeyote.

Nianze na Kamau. Kamau ni mwanangu, wakati huo alikuwa na miaka miwili na miezi minane, na amerithi jina la marehemu baba yangu, kwa hivyo mimi humwita "baba", na mama yangu, ambaye nyumbani ni Shosho tu, humwita "mume wangu" bila hata kutabasamu. (Baba yake Kamau alienda kutafuta maisha, na kama ameyapata hajatuambia.) Tunakaa watatu kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu pale Woodley, zile nyumba za zamani zenye ua mpana, na choo tunatumia pamoja na wapangaji wengine wawili. Choo chenyewe hakikuwa na kikalio, ilikuwa ni ile bakuli tupu baridi, hata mimi mtu mzima nikikaa nashika ukuta.

Sasa, mimi ni mtu wa ndoto, hilo mnalijua. Masomo sikufika nayo mbali, kidato cha pili nikawachia wenye vichwa, lakini nikiona keki ya harusi yenye ghorofa nne nasahau nilikokuwa naenda. Nimewahi kushuka garini njiani na kusimama mbele ya kioo cha duka moja la keki Hurlingham mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Basi fikiria mwenye duka hilo hilo, Madam Lilian, baada ya mimi kwenda kuuliza kazi mara tano, ananiambia: "Sawa, Wambui, umenichosha. Njoo Jumatatu saa moja na nusu. Utaanza kwa kupaka siagi kwenye vyombo." Kupaka siagi! Nilitembea kutoka Hurlingham mpaka nyumbani nikijisemesha.

Lakini Kamau angekaa na nani? Shosho ana kibanda cha mboga kando ya Ngong Road, na Kamau ana miguu ya kukimbilia magari. Ilibaki shule ya chekechea iliyo karibu nasi, na mwenye shule, Ticha Agnes, alinipokea vizuri, akamshika Kamau shavu, kisha akapapasa matako yake kama mtu anayechagua papai.

"Huyu amevaa daipa," akasema.

"Ni ya safari tu, Ticha."

"Mama Kamau, mtoto wa daipa simchukui. Nina watoto ishirini na mikono miwili. Jumatatu akija mkavu, karibu. Akija na daipa, mtarudi nyumbani wote wawili."

Kwa hivyo mambo yalikuwa hivyo: Kamau akijua choo kabla ya Jumatatu, mimi nina kazi. Asipojua, siagi ya Hurlingham itapakwa na mtu mwingine.

Haja ndogo haikutusumbua sana. Nilimnunulia poti ya buluu, na siku mbili za kwanza akaivaa kama kofia, akaipanda kama gari, akaiwekea ugali amlishe paka wa mpangaji. Halafu asubuhi moja, Shosho akikata sukuma wiki, tukasikia maji yakigonga plastiki. Shosho akaacha kisu, akaweka mkono mdomoni, akapiga ngemi. Kwetu Wakikuyu mtoto akizaliwa wanawake hupiga ngemi, yaani vile vigelegele, lakini zetu huhesabiwa: tano kwa mvulana, tatu kwa msichana, ndiyo maana hata jirani aliye shambani ng'ambo ya mto hujua ni nani amefika kabla hajaambiwa. Shosho akapiga tano kamili. "Mume wangu amezaliwa upya!" akasema, na Kamau akatuangalia kama mtu aliyegundua stima.

Kutoka siku hiyo ikawa sheria. Akimaliza, hainuki mpaka ngemi tano zipigwe, na anahesabu kwa vidole. (Ndivyo alivyojifunza kuhesabu, na ndiyo sababu kwa Kamau hakukuwa na namba baada ya tano.) Ukipiga nne ukadhani umemdanganya, anabaki amekaa, anakuonyesha kidole gumba kilichobaki, anakwambia, "Bado."

Haja kubwa ndipo tulipokwama. Hiyo alikataa katakata. Ukimkalisha anakutazama kama mtu aliyesimamishwa na polisi bila kosa, anabana, anasubiri mpaka avalishwe daipa ya kulalia, halafu anaenda nyuma ya pazia kumalizana na dunia kimya kimya. Nikamwimbia, nikamhadithia, nikakaa mimi mwenyewe kwenye ndoo kumwonyesha mfano (ndoo ilipasuka, tuachie hapo). Mpaka Ijumaa jioni, hakuna kitu. Shosho akasema labda anaogopa kile choo kisicho na kikalio, anadhani siku moja tutamkalisha pale na atamezwa. Nikaona hiyo ina akili. Nikasema kesho naenda River Road kutafuta kile kikalio kidogo cha watoto kinachowekwa juu ya choo.

Asubuhi ya Jumamosi, tukiwa mlangoni, Shosho akanipa daipa moja iliyokunjwa. "Tia kwa mkoba. Huwezi jua."

"Mama, tukibeba daipa ni kama tunamwambia hatumwamini."

"Mimi namwamini mume wangu. Tumbo lake ndilo nisiloliamini."

Nikaiacha mezani, kando ya chupa ya chai. Huo ndio uamuzi wenyewe. Kila kitu kingine kilichotokea, mpaka yule mtu wa video, kilitoka kwa ile daipa niliyoiacha mezani kwa maringo.

River Road siku ya Jumamosi mnaijua. Mabomba yamesimamishwa kando ya njia kama watu wanaongoja basi, mashine za kuchapisha kadi zinalia huko ndani, mikokoteni inapita ikikuambia uondoke kabla hujaiona. Kamau alikuwa amevaa gambuti zake za manjano (hakukuwa na mvua, lakini huyo ukimvua gambuti umemvua heshima) na kila duka aliuliza, "Hii nini?" Tukaingia duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja mtu wa Pwani, Mzee Athmani, kofia nyeupe, sauti ya pole, Kiswahili kile ambacho hata akikuambia bei unasikia umebarikiwa.

"Karibu, binti. Kikalio cha mtoto? Kipo, ila kiko juu stoo. Nistahimilie kidogo, magoti yangu siku hizi hayapatani na ngazi."

Akapanda. Dukani tukabaki mimi, Kamau, na vyoo. Vyoo vyeupe, vimepangwa sakafuni mstari mmoja kama meno ya mtu anayecheka, na nyuma ya vyoo maboksi ya vigae hadi kifuani. Na kando ya mlango, Mungu wangu, beseni la kuogea, lile refu la kujilaza, bomba zake rangi ya dhahabu. Nikasimama mbele yake. Nikaingia ndani (kwa mawazo tu). Nikaona nina duka langu la keki, jioni narudi nyumbani nikinuka vanila, najilaza humo mpaka maji yapoe, na Kamau ni injinia, yuko sebuleni anasoma gazeti na gambuti zake kubwa za manjano.

Trrr.

Nikadhani ni bomba linalovuja. Halafu nikakumbuka kwamba katika duka lile zima hapakuwa na bomba hata moja lenye maji.

Nikageuka. Mwisho kabisa wa ule mstari kulikuwa na choo ambacho sikuwa nimekiona, kidogo, cha kunifika gotini, vile wanavyotengenezea shule za chekechea. Mimi sikujua hata kama vipo duniani. Na juu yake Kamau ameketi, suruali imeshuka mpaka kwenye gambuti, mikono juu ya magoti kama chifu kwenye baraza. Miguu yake ilikuwa inagusa sakafu. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, kabla hata ya aibu. Tangu azaliwe, kila kitu kilikuwa kikubwa kumliko, kitanda, kiti, kijiko, na sasa amekutana na kitu cha kipimo chake, akakaa juu yake bila kuambiwa na mtu.

"Baba! Hapana! Inuka hapo!"

Nikakimbia, mikono mbele. Akainua kiganja, vile askari wa barabarani husimamisha lori.

"Ngoja, mami."

Nikaona uso wake. Kila mzazi anaujua uso huo: macho yanaangalia mbali, midomo imekunjwa, mtu yuko kwenye mashauriano na nafsi yake. Nikasimama. Sijui kama mmewahi kumwona mtu mdogo akigundua kwamba mwili wake ni wake, kwamba anaweza kushika na anaweza kuachilia, na hakuna mwingine duniani wa kumfanyia hilo. Mimi nilimwona. Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu ya duka kama niko kanisani.

Puk.

Nisameheni. Nilisahau niko wapi. Wiki nzima ya kuimba, ndoo iliyopasuka, siagi ya Hurlingham, vyote vilipanda kifuani kwa mara moja, mkono ukaenda mdomoni wenyewe, na ngemi zikatoka. Na si za chumbani, zile za shambani, za kuvuka mto. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo macho yangu yakakutana na karatasi iliyobandikwa ukutani: TAFADHALI USIKALIE BIDHAA. Mdomo ukajifunga.

Nje nikasikia sauti ya mwanamke: "Eeei! Kuna mtu amezaa! Ni msichana!"

Nikamshika Kamau kwapani nimwinue. Akakaza miguu. Akanionyesha vidole viwili.

"Bado, mami. Bado mbili."

Sasa niambieni, nyinyi mngefanya nini? Nikimwinua kwa nguvu atalia, na tena atajifunza kwamba hii kitu aliyoifanya leo ni kosa, na Jumatatu ni keshokutwa. Nilifumba macho nikamalizia mbili.

"Ngoja! Zimeongezwa!" ile sauti ikasema. "Tano! Nimehesabu mwenyewe! Ni kijana!"

Wa kwanza kuingia alikuwa mama muuza uji wa pale mlangoni, mwanamke mnene mwenye mkono wa haraka, na leso tayari ameifungua kiunoni. Kwa alipokuwa amesimama hakuweza kumwona Kamau kwa sababu ya maboksi ya vigae. Alichokiona ni mimi, chini, nimepiga magoti, jasho, machozi, nywele zimesimama.

"Mungu wa rehema, amezalia chini! Wanaume rudini nyuma! Mnaangalia nini, nyinyi hamkuzaliwa?"

Nikafungua mdomo niseme. Lakini tayari mwanamke mwingine, mikono ina wino wa mashine ya kuchapisha, alikuwa ameshika upande wa pili wa ile leso, wakaitandaza kama pazia mbele yangu, na (hii ndiyo heshima iliyoniangamiza) wote wawili wakageuza nyuso wakaangalia barabarani, wasimwone mwenzao katika hali hiyo.

"Mama, sikilizeni, si vile mnavyo..."

"Usiongee, maliza nguvu kwa kazi," akasema mama wa uji bila kugeuka. "Kondo la nyuma limetoka?"

"Bado!" akajibu Kamau.

Mama wa uji akashtuka. "Kumbe kuna mtoto mwingine hapo? Pole, kijana mkubwa. Mshike mama mkono. Haya dada, sukuma. Sukuma polepole."

Na Kamau, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutii agizo hata moja la mtu mzima, akatii hilo. Akasukuma.

Halafu kukatokea jambo ambalo ndilo linanifanya niandike haya, kwa sababu aibu peke yake ningeificha. Wanawake wa nje wakaitikia. Mmoja akapiga ngemi mlangoni, tano. Zikadakwa na wengine kwa fundi wa nguo, tano, zikapanda ngazi mpaka madirisha ya juu, zikavuka barabara, na nikasikia mikokoteni ikisimama, mashine ya kadi ikazimwa, na mwanamume mmoja mwenye sauti nzito akasema tu, bila kumwambia mtu, "Karibu Nairobi, kijana." Mimi niliishi mji huu nikiamini kwamba ukianguka watu wanakuruka tu. Na hawa watu, wana haraka zao, wana mizigo mabegani, walikuwa wamesimama kumkaribisha mtu wasiyemjua, ambaye hajawafanyia lolote ila kufika. Na Kamau! Kamau alikuwa ameachama, macho kama visahani, akihesabu kwa vidole, tano, akaanza tena, tano, akaanza tena, vidole havimtoshi. Alidhani ni zake. Alidhani mji mzima umesikia alichofanya na umefurahi.

Mzee Athmani akashuka na kikalio kwapani. Nikamsikia mtu akimkamata mkono.

"Hongera, mzee! Duka lako limepata kijana!"

"Subhana! Dukani kwangu? Hapa?" Akaweka kikalio chini. Nikasikia boksi likipasuliwa, nikasikia maji ya birika yakimwagwa, na baadaye nikamwona akija kwa upande, kama kaa, uso ameuelekeza ukutani, mkononi karai jipya la maji ya uvuguvugu na taulo jipya begani. "Binti, haya maji. Sitazami. Wallahi sitazami."

Na kwa sababu hakutazama hakuliona boksi la vigae. Akajikwaa. Karai likaenda kwake, yeye akaenda kwa leso, leso ikaanguka.

Mtaa mzima ukatuona. Mimi magotini. Kamau juu ya choo, suruali kwenye gambuti, vidole vitano hewani.

"Mbona ana meno?" akauliza mama wa uji.

"Mbona ana gambuti?" akauliza yule wa wino.

Mzee Athmani, kanzu imelowa, akakitazama choo kwa muda mrefu. "Binti," akasema taratibu, "choo hicho hakina maji. Hakijaungwa na kitu chochote duniani."

Nikataka sakafu ifunguke, lakini sakafu ya vigae vizuri vile haifunguki. Nikasema, na sauti ilitoka kama ya panya: "Sikuzaa. Ni huyu ameenda... ameenda kubwa. Ni mara yake ya kwanza. Jumatatu anaanza shule, na mimi kazi, na walisema bila daipa hawa..."

Mama wa uji akamtazama Kamau, akanitazama mimi, akatazama barabarani alikokuwa ameacha jagi lake. "Yaani mimi nimewacha uji wangu kwa barabara," akasema, "nimesukuma watu, nimevua leso mchana, juu ya mavi?" Na mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, kisha akashikilia boksi la vigae, na kicheko chake kikatoka nje kikawaambukiza wote mpaka wale wa mikokoteni. Akaenda, akarudi na kikombe. Nikanyoosha mkono. Akanipita.

"Si wako. Mpe mzazi. Ndiye aliyesukuma."

Kamau akanywa uji akiwa bado ameketi.

Nilikiosha kile choo mara tatu kwa mikono yangu, na Mzee Athmani akanisimamia akiniletea maji na sabuni, nikilia na kuomba radhi. "Usilie, mwanangu," akaniambia. "Wateja huniuliza kila siku iwapo hivi vyoo vyafaa. Leo nina shahidi." Kile kikalio akanifungia vizuri kwenye gazeti, ila akamtazama Kamau, akatikisa kichwa. "Huyu kashafuzu, lakini haya."

Nilidhani imeisha hapo. Kumbe kulikuwa na kijana mmoja mlangoni aliyekuwa amechukua video ya ngemi, uso wangu na leso, na hakungoja mwisho, alikuwa na haraka ya kuwahi kuituma. Jioni Shosho alifika nyumbani mbio, kikapu hakina hata mboga (ameacha kibanda kwa jirani), akaangalia tumbo langu, akaangalia kitanda, akainua blanketi.

"Umemweka wapi?"

Nikamweleza. Akakaa kwenye kiti. Akauliza swali moja tu.

"Alienda kubwa?"

"Kubwa, mama."

Akapiga ngemi tano papo hapo, na wapangaji wawili wakatoka nje kutupa hongera.

Jumapili baada ya ibada ndipo ujumbe ulipoingia kwenye simu. Madam Lilian. "Hongera Wambui, nimeona video. Ungeniambia mapema uko na mimba ningeelewa. Pumzika na mtoto. Kesho nitampigia yule msichana mwingine achukue nafasi yako." Nikapiga simu, imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango, baridi imenishika na jua linawaka. Mtoto nimemfundisha kwa sababu ya kazi, na kwa kumfundisha nimepoteza kazi. Shosho akaketi kando yangu. Hakusema "nilikuambia". (Daipa ilikuwa bado iko mezani, hiyo ilisema yenyewe.)

"Kesho utaenda," akasema. "Umwonyeshe tumbo."

Mchana huo wote nilimfundisha Kamau kitu kimoja. "Shuleni, baba, ngemi ni za vidole. Unafanya, unahesabu vidole vitano, kimya, halafu unainuka. Mami nitakuwa nasikia." Akanitazama kwa shaka. "Mami utasikia?" "Nitasikia." Tukafanya mazoezi mpaka jioni, kwenye kile kikalio kipya, na tulipomaliza alinifunga mdomo kwa mkono wake ili nisimharibie.

Jumatatu nilimpeleka mapema. Mkavu. Vyoo vya Ticha Agnes ni vile vile vidogo vya kufika gotini, na Kamau alipoviona alitembea moja kwa moja kama mtu aliyerudi kwao. Ticha na mimi tukasimama mlangoni. Trrr. Kisha kimya, kidole kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, akainuka, akavuta suruali, akaifikisha nusu. Ticha akaniuliza, "Anahesabu nini?" Nikasema, "Ni hadithi ndefu, Ticha, na mimi nakimbia."

Na nilikimbia kweli, Ngong Road hadi Hurlingham, viatu mkononi. Nikaingia dukani nikihema. Madam Lilian alikuwa nyuma ya kaunta na simu yake mkononi, mteja mmoja anangojea keki ya siku ya kuzaliwa.

"Wambui? Siku mbili tu? Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Madam, tafadhali, usimpigie huyo mwingine. Sikuzaa. Nitazame tumbo. Zile ngemi zilikuwa za..." Nikamwangalia mteja. Nikaiangalia ile keki nzuri, imeandikwa jina la mtoto. "Zilikuwa za haja kubwa. Mtoto wangu alijua choo."

Madam akaiweka simu chini. Mimi nikawa nahesabu vidole vyangu nyuma ya mgongo. Mteja ndiye aliyeanza kucheka. Madam akajaribu kumkataza, akashindwa, akakaa juu ya gunia la unga akajifuta macho.

"Ngemi tano," akasema. "Kwa mavi."

"Ndiyo, Madam."

"Vaa aproni. Vyombo viko kule nyuma. Na hapa ndani, Wambui, hakuna kushangilia kitu chochote. Watu wanakula."

Nimeapa, na mnishuhudie: kwenye mkoba wangu daipa haitakosekana mpaka Kamau aoe, na River Road sitafungua mdomo hata nikimwona malaika. Na Madam nilimtii. Nilipaka siagi kwenye vyombo arubaini bila kutoa sauti. Saa sita simu ikalia, Ticha Agnes, nikadhani ananirudishia mtoto, lakini alitaka tu kuniambia kwamba Kamau ameenda kubwa, peke yake, na kwamba sasa darasa lote linahesabu vidole.

Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikafunga mlango. Kuna kioo kidogo pale, na ndani yake kulikuwa na msichana mwenye unga puani na aproni iliyomzidi. Nikavuta maji yapige kelele, nikajiziba mdomo kwa aproni, nikapiga ngemi: moja, mbili, tatu. Nikaishia hapo.